Shukrani kwa fundi aliyeshona buti za baba

Fundi, jina lako sikuliuliza, na hilo linanisuta. Nilikuletea buti za marehemu baba nikitaka soli mpya tu. Ukazigeuza, ukapitisha kidole kwenye kisigino cha kulia kilicholika upande wa nje, ukauliza, "Mwenyewe alikuwa akichechemea?" Naam, alichechemea, miaka yote niliyomjua. Ungepaka gundi ningeridhika. Ukakataa, ukashona kwa mkono: uzi mmoja uliopakwa nta, sindano mbili zikipishana katika kila tundu, ili mshono mmoja ukikatika mingine ishike. Mikunjo ya vidoleni hukuinyoosha, uliipaka mafuta tu. Zinanibana kidogo (baba alikuwa na mguu mdogo), lakini nazivaa. Ahsante sana, fundi wangu.