Salamu za Noeli: Akapiga hema kwetu

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki,

Noeli imetukuta tena, na salamu ni wajibu. Nawatakia heri, amani na afya njema, ninyi na wote wa nyumbani.

Mwaka ulikuwa mgumu. Mafuta ya kupikia hayashikiki, nauli ya kwenda nyumbani ndiyo usiseme, na zipo nyumba ambazo turubai la msiba limefunguliwa juzi tu. Nyumba hizo ndizo zinazonirudisha kwenye Yohana 1:14, pale Neno, yaani Yesu, alipofanyika mwili, “akakaa kwetu.”

Kigiriki chake ni eskēnōsen, kutoka kitenzi skēnoō, nacho kimetokana na skēnē, yaani hema. Ukikichambua, e- ya mwanzo yaonyesha wakati uliopita, skēnō- ni shina, -s- ni alama ya aoristi, umbo la kitenzi linalotaja tendo kama jambo zima, -en ni yeye. Si kukaa tu, ni kupiga hema. Yusufu anapohamia Nazareti, Mathayo 2:23, Biblia yetu yasema vilevile “akakaa”, ila pale Kigiriki kina katoikeō, kitenzi cha oikos, nyumba. Sisi twasoma neno moja, wasomaji wa Kigiriki walisikia mawili.

Wahubiri huteleza hapa: hema ni la muda, basi Mungu alipita tu. Sivyo. Kitenzi hiki kimo mara 5 tu katika Agano Jipya, hapa na mara 4 katika Ufunuo, na Ufunuo 21:3 inakitumia kwa makao yasiyo na mwisho: “atafanya maskani yake pamoja nao.” Wengine hukitoa katika shakan ya Kiebrania, yaani kukaa, lakini sauti zimefanana tu. Ndugu wa damu wa shakan ni hii maskani yetu, iliyotufikia kwa Kiarabu.

Lililo moyoni mwangu ni hili: siku hizi nikisoma “akakaa kwetu” nasikia kukaa matanga. Basi, ndugu zangu, rambirambi za simu hazitoshi! Pilau ikiwa ya kilo moja, ipungue bakuli moja liende kwa mfiwa. Vuta kiti cha plastiki, keti, usihubiri. Na turubai likishafunguliwa, watu wakishatawanyika, rudi tena ukae.

Nawatakia Noeli njema na Mwaka Mpya wenye baraka tele. Mungu awalinde wasafiri wote.