Barua ya wazi kwa Diwani wa Wilaya ya 9, San Diego: bustani tutakayoilipia miaka 40

Mheshimiwa Diwani,

Novemba 2024 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 4, hati fungani za jimbo za dola bilioni 10. Nyingi ni za maji, moto wa misitu na tabianchi, lakini humo mna dola milioni 200 za kujenga bustani za umma kwenye mitaa isiyokuwa nazo. Naomba mtaa wetu wa City Heights usikose fungu lake.

Tuelewane kwanza kwamba hizi si fedha za bure. Ni mkopo. Wachambuzi wa Bunge la jimbo walikadiria kwamba kuulipa kutagharimu dola milioni 400 hivi kila mwaka kwa miaka 40. Mtoto anayepiga mpira leo kwenye maegesho ya magari atakuwa bado analipa akiwa na mvi. Basi aulizwe anataka nini.

Kwenye awamu zilizopita, mfuko wa jimbo unaogawa ruzuku za bustani hizi uliudai mji unaoomba ufanye mikutano isiyopungua mitano na wakazi, nao ndio wachague kitakachojengwa na kikae wapi. Naomba mikutano hiyo iwe na mkalimani wa Kiswahili. Hapa kuna familia nyingi kutoka Kongo, na Wabantu wa Somalia, na mama zetu hawatakuja kukaa wakitazama midomo ya watu. Wala isipangwe saa nne asubuhi siku ya kazi. Vijana watasema uwanja wa mpira wenye taa. Hilo halina haja ya utafiti. Wakina mama niliozungumza nao wanataka kivuli, choo kisichofungwa kwa kufuli, na njia ya kutembea ambayo haijajificha.

Ombi la ruzuku lililojazwa ofisini tu, bila wakazi, halitafika mbali, maana ushindani ni mkali. Desemba 2021 jimbo lilitoa dola milioni 548.3 kwa bustani 112, ilhali maombi yalipita dola bilioni 2. Na tusiambiwe ardhi hakuna: Teralta Park imekaa juu ya paa la barabara kuu ya 15, magari yanapita chini yake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni matunzo. Mkopo wa jimbo unajenga. Haumlipi mfagiaji, wala bili ya maji, wala balbu iliyoungua. Kwa ruzuku kubwa jiji hujifunga kuitunza bustani kwa miaka 30, na bajeti ikibana, bustani za mitaa yetu ndizo huachwa nyasi zikauke.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla ya Baraza kupitisha bajeti mwezi Juni, tuoneshe hadharani fungu la matunzo: kiasi gani, na kinatoka wapi. Ukishatuonesha, tuitie mkutano wa kwanza. Jumamosi mchana tutakuja.

Wako,
Mkazi wa City Heights