Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: bustani za mjini na maduka viangaliane

Kwa Mkurugenzi wa Jiji,
Halmashauri ya Jiji la Dodoma.

YAH: BUSTANI ZA KATIKATI YA MJI, USALAMA WETU NA BIASHARA ZINAZOZIZUNGUKA

Ndugu Mkurugenzi, shikamoo, na poleni na majukumu. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu jambo lenyewe sio la kwangu peke yangu, ni la wenye fremu, la wamachinga, la wanafunzi, la watumishi wanaoshuka jioni kutoka Mtumba kwenye ofisi za serikali na la kila anayekatiza mjini kwa miguu. Mimi nina fremu ya vitenge na ushonaji katikati ya mji, mlango wangu unatazama bustani, kwahiyo haya ninayosema ndio ninayoyaona kila siku nikiwa kwenye cherehani.

Ninachoomba ni hiki: kabla hamjajenga au kukarabati bustani yoyote ya mjini, anzeni kuangalia ukingo wake, pale bustani inapokutana na maduka. Wachoraji wengi wanaanzia katikati, wanaweka sanamu, chemchemi, pevingi ya rangi mbili, halafu pembeni wanamalizia na chochote kilichobaki kwenye bajeti. Sasa sisi huku pembeni ndio tunaojua nani amekaa kule ndani tangu asubuhi, nani amemfuata binti wa watu, mtoto gani kapotezana na mama yake. Tukiwaona waliomo ndani na wao wakituona sisi, bustani inajilinda kwa sehemu kubwa na duka nalo linapata wateja. Tukizibwa, basi hata muajiri walinzi wangapi kazi yao itakuwa ngumu.

Mji umekua, wewe unajua kuliko mimi. Sensa ya 2012 manispaa ilikuwa na watu laki nne na kidogo, ya 2022 imekuta jiji lina zaidi ya 760,000, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dar mpaka hapa mwaka 2024 unaona kabisa mjini kuna sura ngeni kila siku. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni Bunge la bajeti linajaza nyumba za wageni. Hawa watu wote jioni wanataka pa kukaa, wapunge upepo, wanywe kahawa, wanunue kitu. Bustani ya Nyerere Square hapo katikati ya mji peke yake haiwezi kubeba mji mzima, kwahiyo bustani ndogondogo zitaongezeka tu, na ndio maana nasema tuongee sasa hivi michoro ikiwa bado karatasi.

Hiyo bustani ya mbele yangu siitaji jina na sitaki kumnyooshea mtu kidole. Ilipandwa miashoki kuzunguka pande tatu, na chini yake michongoma. Ilivyokuwa midogo ilipendeza kweli. Sasa mwashoki unajulikana, unapanda juu umenyooka na majani yanaanzia chini kabisa, ukipanda msururu umejenga ukuta, na kivuli chenyewe hautoi cha maana. Michongoma nayo ikakua ikafika kifuani. Leo ukiwa dukani kwangu huoni benchi hata moja, na aliyekaa kwenye benchi haoni kama maduka yapo wazi au yamefungwa. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na muda huohuo njia ya kukatiza inakufa, watu wanazunguka kwa mbali barabarani kwenye magari wakiogopa kukwapuliwa simu. Binti anayenisaidia kushona haruhusiwi na mama yake kupita pale baada ya magharibi, na mimi namuunga mkono huyo mama. Matokeo yake natundua vitenge mapema, wakati mtumishi aliyetoka kazini saa tisa na nusu akapanda basi akafika kwake akabadilisha nguo ndio kwanza anatoka kuja mjini na hela mfukoni.

Najua kuna atakayesema bila ule uzio wa miti vumbi litatumaliza. Ni kweli, na hapa Dodoma hili sio jambo la kupuuza hata kidogo. Upepo wa Juni mpaka Oktoba kila mtu anaujua, unaamka na kitambaa cheupe jioni kimekuwa cha udongo. Mvua zetu ni za Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo ukoka usipomwagiliwa unakufa na ardhi inabaki wazi. Kwahiyo mtu aliyepanda fensi nene hakuwa mjinga, alikuwa anakinga upepo. Ila upepo unaweza kupunguzwa bila kuziba macho. Pandeni miti yenye shina refu na kichwa kipana, mwarobaini kwa mfano, ambao hata kiangazi unastahimili, au mkungu mahali penye maji ya kutosha, mikiwa safu mbili zilizopishana, halafu mipogolewe matawi yaanzie juu ya mita 2. Chini yake vichaka visizidi goti, yaani sentimita 60 hivi. Katikati ya goti na kichwa cha mtu kuwe peupe, macho yapite. Pembeni wekeni kaukuta kafupi ka kukalia, kanazuia mchanga unaotambaa chini na hapohapo ni benchi ya bure kwa watu wengi. Na pasipo na maji ya kumwagilia ukoka, bora kokoto au pevingi kuliko udongo mtupu unaoishia kwenye vitambaa vyetu.

Wenzangu wenye maduka nao nawasema kidogo. Wengi wanachukia miti kwa sababu inafunika bango la duka, na wapo wanaomwaga maji ya chumvi usiku mti ufe. Hiyo sio sawa. Mti wa shina refu haufuniki bango, unapita juu yake, na ukipandwa kwenye nguzo inayotenganisha fremu mbili badala ya katikati ya mlango hakuna anayelalamika. Mteja anayepata kivuli saa nane mchana Dodoma anasimama, anaangalia, anauliza bei. Kwenye jua kali anapita mbio. Hizo mitende za mapambo zinazopandwa siku hizi zinapendeza kwenye picha ila hazimfichi mtu jua hata robo.

Halafu kuna suala la mageti. Bustani ikiwekewa fensi na geti moja, upande wenye geti unapata wapita njia na pande nyingine tatu zinakufa, fremu za huko zinabaki zinabadilisha wapangaji kila mara. Na kiusalama geti moja ni mtego, mwanamke akiona mtu asiyemwelewa amesimama pale mlangoni hana pengine pa kutokea. New York kuna bustani inaitwa Bryant Park, ipo katikati ya mji kabisa nyuma ya maktaba kubwa. Miaka ya 1970 ilikuwa imetekwa na wauza dawa za kulevya, watu wa kawaida hawaingii, na sababu mojawapo ni kwamba ilikuwa imeinuliwa juu ya usawa wa barabara na kuzungukwa na vichaka na fensi, polisi akipita nje haoni kitu. Wakaifunga mwaka 1988, ikafunguliwa tena 1992 ikiwa imetolewa vile vichaka, imeongezewa njia za kuingilia, imewekwa vibanda vya chakula na viti ambavyo mtu anaweza kuvihamisha akakaa anapotaka. Ikajaa watu. Sisemi tuige New York, mji wetu una mambo yake, ila kichaka kinachomficha mtu mbaya ni kilekile kokote duniani.

Sasa nafika kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote, nalo ni tamaa ya fremu. Halmashauri nyingi nchini zikiona kiwanja cha wazi mjini zinafikiria kukizungushia fremu zipate kodi, tumeona kwenye viwanja vya mpira, tumeona mpaka kwenye kuta za shule. Fremu zikitazama barabarani maana yake migongo imegeukia ndani, na ukuta wa nyuma wa fremu ndio mahali watu wanajisaidia, wanatupa taka, wanavuta bangi. Mkifanya hivyo kwenye bustani mtakuwa mmeiua na mtapata kodi mwaka wa kwanza na wa pili, baadaye hata wapangaji watahama. Kama lazima mapato yapatikane, na naelewa lazima yapatikane maana kumwagilia na kufagia kuna gharama, basi jengeni vibanda vidogo vichache vyenye dirisha pande mbili, moja barabarani moja ndani, na nafasi kati ya kibanda na kibanda iwe pana kuliko kibanda chenyewe. Viwekwe kwenye kona na kwenye njia za kuingilia ambako mtu anahitaji kuona kuna binadamu. Na yale mabango makubwa ya matangazo yanayofika mpaka chini, tafadhali, yasiwekwe ukingoni mwa bustani, yanaziba kuliko ukuta.

Kuhusu wamachinga, soko lao la Bahi Road lipo na limesaidia. Lakini muuza kahawa na kashata, mama wa karanga, kijana wa zabibu msimu ukifika, hao ni watu wa bustani na hawatakaa sokoni kumsubiri mtu aliyekaa kwenye benchi mjini. Wapeni sehemu zinazojulikana, zimechorwa chini, zenye bomba la maji na pipa la taka, ili wasimwage bidhaa mbele ya milango yetu na mgambo wasiwe na sababu ya kukimbizana nao. Zanzibar walifanya Forodhani. Bustani ilikarabatiwa ikafunguliwa tena 2009 na wauza vyakula wa usiku hawakufukuzwa, walipangwa, na ndio hao wanaofanya familia zikae pale usiku na watoto wao. Mimi kama mwenye duka naona bora muuza kahawa mwenye taa yake kwenye kona mpaka saa nne kuliko kona tupu iliyofagiwa vizuri.

Taa nazo. Ile milingoti mirefu mirefu inamulika vichwa vya miti na chini inaacha giza lenye mabaka, mtu anatoka kwenye mwanga anaingia kwenye kivuli na macho hayaoni kitu. Kwenye njia za miguu taa ziwe fupi, chini ya matawi, karibu karibu, mwanga wa wastani uliosambaa sawa. Kipimo cha kawaida ni kwamba mtu akiwa hatua kumi na tano mbele yako uione sura yake na uamue kama unaendelea au unageuka. Za sola ni sawa ila vumbi la hapa linafunika paneli, kwahiyo lazima kuwe na mtu wa kuzifuta na jina lake lijulikane ofisini.

Vyoo msivifiche nyuma huko kwenye kona ya mwisho kwa sababu eti vinaharibu mandhari. Choo cha bustani kiwekwe upande wenye maduka, mlango unaonekana, na mtu wa kukusanya hela anakaa nje. Mama mwenye mtoto akiona hivyo atakaa bustanini saa mbili badala ya dakika kumi, na akikaa atanunua. Na njia ya kiti cha magurudumu ifike mpaka chooni, sio iishie kwenye sanamu.

Kamera sizipingi. Ila kamera inakusaidia kesho, leo unahitaji mtu wa kukusikia.

Ndugu Mkurugenzi, kwa hizo bustani zilizopo sasa hamhitaji tenda kubwa. Kupogoa miashoki na kushusha michongoma mpaka magotini ni kazi ya mapanga na wiki moja, kufungua njia ya pili kwenye fensi ni kazi ya fundi mmoja wa kuchomelea, na naomba mwanzie hapo kabla ya kiangazi kukolea. Kwa bustani mpya, bandikeni mchoro kwenye ofisi ya kata na hapo hapo saiti kabla mkandarasi hajapewa kazi, na mtuite wenye fremu, wamachinga, bodaboda wa kijiwe cha karibu na wanawake wanaopita pale usiku, kila kundi liseme linapoogopa ni wapi. Na mtaalamu wenu wa mipango miji akija kuangalia asije saa nne asubuhi pakiwa shwari, aje saa moja na nusu usiku, akae kwenye benchi ya katikati, aangalie anaona maduka mangapi. Fremu yangu nitaiacha wazi siku hiyo na taa nitawasha, na wenzangu wa mstari huu nitawaomba wafanye hivyohivyo.

Wako katika ujenzi wa jiji,
Fundi cherehani na mwenye fremu, Dodoma mjini