Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Nazi

Ndugu wanachama, Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kwenye mkutano mkuu uliopita, mzee wetu wa Mtongwe alisimama akasema nazi ina macho, haimwangukii binadamu. Wapo waliocheka. Kamati ililiandika dai hilo daftarini, likawa ndiyo kazi yetu ya mwaka.

Tulianza kwa kusoma. Mwaka 1984 daktari Peter Barss alichapisha utafiti kuhusu watu walioangukiwa na nazi huko Papua New Guinea. Katika hospitali alikofanyia kazi, kwa muda wa miaka minne, asilimia 2.5 ya waliolazwa kwa majeraha walikuwa wameumizwa na nazi. Mwaka 2001 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa tafiti za kuchekesha kwanza, kisha kufikirisha. Sisi tuliokulia chini ya minazi hatukuona cha kuchekesha. Ile hesabu inayozagaa, kwamba nazi huua watu 150 kwa mwaka duniani, haimo katika utafiti huo. Nimeagiza ifutwe kwenye ubao wetu.

Mzee aliposomewa hayo alisema pengine nazi za huko ni mbegu nyingine. Pingamizi la haki. Basi tukajaribu hapa kwetu.

Akina mama walishona sanamu ya magunia, wakaijaza makumbi, wakaivika kanzu kuukuu na kofia. Kijana mmoja aliivusha kwa feri ya Likoni, kaibeba begani. Kusi ilipoanza kuvuma, tukaisimamisha chini ya mnazi mrefu wenye nazi zilizokomaa, kwa sababu dafu halidondoki lenyewe. Ni nazi iliyopevuka ndiyo kikonyo chake hulegea. Kila alfajiri katibu msaidizi alichomeka kijiti pale nazi ilipoangukia. Moja ilidondoka usiku, ikachimba mchanga vidole vinne, shubiri moja tu kutoka mguu wa sanamu. Nililiona shimo lile kwa macho yangu, na tangu siku hiyo benchi letu la mikutano limehamishwa kutoka chini ya mnazi.

Hadi kusi inatulia, sanamu haikuguswa. Mwalimu wetu wa hesabu alisema kivuli cha mnazi ni kipana na sanamu ni nyembamba. Mzee mwenyewe akaongeza kwamba sanamu si mtu, na huenda nazi inalijua hilo. Kamati imekubali hoja zote mbili: jaribio halikuthibitisha kitu. Vijana wawili walijitolea kusimama mahali pa sanamu. Niliwakataza, na nitawakataza tena.

Mwezi uliofuata tulifua nazi kwenye kifuo mbele ya mzee. Macho yalikuwa matatu kweli: mawili magumu, moja laini ambalo ndilo mche hutokea. Yote yalikuwa yamefunikwa na makumbi. Mzee alilipapasa lile laini kwa kidole gumba, akanyamaza kitambo.

“Basi haioni,” akasema. “Lakini huenda inasikia.”

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Ada zimelipwa, deni hatuna. Naomba mkutano uidhinishe ununuzi wa utepe mmoja wa kupimia na ngoma ndogo, tuwe tayari kabla ya kusi ijayo.