Neno "shule" na safari yake

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, nakujulisha kwamba sisi sote hapa nyumbani tu wazima. Umeniuliza kwa nini bibi yako wa Unguja husema "skuli" ilhali wewe na walimu wako mnasema "shule", na kama mojawapo ni kosa. Hakuna kosa. Hayo ni maneno mawili ya ukoo mmoja yaliyotufikia kwa njia mbili, na ukoo wenyewe umeenea Ulaya nzima.

Anza na Wagiriki wa kale. Wao walikuwa na neno skhole, na maana yake ya kwanza haikuwa jengo wala mwalimu wala kitabu, bali wasaa: ule muda ambao mtu amejizuia na kazi, hakimbilii jambo lolote, na nafsi yake imetulia. Ninalichagua neno wasaa kwa makusudi, kwa sababu sisi pia tunalitumia kwa muda na kwa nafasi ya moyo kwa pamoja. Wagiriki waliona kwamba mtu mwenye wasaa atakaa na wenzake, atauliza, atajadili na kusikiliza. Basi neno likahama polepole kutoka kwenye muda wenyewe hadi kwenye mazungumzo yaliyofanywa katika muda huo, kisha likawa jina la kundi la wanaojifunza, na mwisho mahali wanapokutana. Kilichonishangaza zaidi nilipolisoma jambo hili ni kwamba shughuli za kila siku waliziita askholia, yaani kukosa wasaa. Kwao wasaa ndio uliokuwa asili, na kazi ikapewa jina la upungufu. Mwanafalsafa wao Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kwamba tunajishughulisha ili tupate wasaa, kama vile tunavyopigana vita ili tuishi kwa amani.

Warumi walilichukua neno hilo wakalitamka schola, ingawa mahali pa kuwafundishia watoto wadogo kusoma na kuandika walipaita pia ludus, neno ambalo maana yake nyingine ni mchezo. Kilatini kilipokuwa lugha ya kanisa na ya wasomi, schola ikaenda nacho kila kilikofika. Waitaliano wakasema scuola, Wareno escola, Wahispania escuela. Wafaransa nao, kama Wahispania, walitanguliza irabu mbele ya s, wakasema escole, kisha ile s ikapotea kinywani mwao na leo wanasema école. Wajerumani wana Schule, Waingereza school, Wapolandi szkoła, Warusi shkola. Hata Wahungari na Wafini, ambao lugha zao si za jamaa ya Kigiriki wala ya Kilatini, wanasema iskola na koulu. Ukikutana na Waingereza wakiliita kundi la samaki school, usidhani ni neno lile lile. Hilo lina asili nyingine, ya Kiholanzi, na limefanana kwa sauti tu.

Sasa nije kwetu. Wajerumani walipoitawala Tanganyika, walifungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya 1890, na masomo yake yalitolewa kwa Kiswahili. Kutoka katika Schule yao tukapata shule. Rwanda na Burundi, ambazo nazo zilikuwa chini ya Wajerumani, zinasema ishuri na ishure. Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1890, kwa hiyo bibi yako na wazee wake walilipokea neno kutoka kwa Kiingereza, likawa skuli, na hata serikali ya huko hulitumia katika maandishi yake hadi leo. Jambo la kufikirisha ni kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lakini katika neno hili Bara ndiyo iliyoshinda, na Kenya, iliyotawaliwa na Waingereza, nayo inasema shule.

Usije ukaelewa kwamba pwani ilingoja Wajerumani ndipo watu wake wajifunze. Watoto walikuwa wakienda chuoni kusoma Kurani karne nyingi kabla ya hapo, na chuo katika Kiswahili cha zamani ni kitabu. Ndiyo maana msomi wa dini ni mwanachuoni. Wazee wetu waliliita jengo kwa jina la kitabu, Wagiriki kwa jina la wasaa. Nayapenda majina yote mawili, na sioni sababu ya kulipa moja heshima kuliko lingine.

Lipo jambo moja ambalo sitaki ulipite haraka. Wasaa wa Athene, mji wa hao Wagiriki, haukuwa wa watu wote. Wanaume huru waliweza kukaa na kujadili kwa sababu watumwa wao walikuwa mashambani na machimboni, na wanawake wengi walikuwa wamebaki majumbani na kazi za nyumba. Hali kadhalika, shule ya Tanga haikufunguliwa ili vijana wetu wapate utulivu wa kufikiri, bali ili serikali ya kikoloni ipate makarani, wakalimani na maakida wa kuitumikia. Neno lilitufikia likiwa limeshavuliwa maana yake ya kwanza, na mimi ninaamini kwa dhati kwamba maana hiyo ni haki yako pia. Kwa hiyo nimezungumza na baba yako, na tumekubaliana kwamba likizo hii hutapelekwa masomo ya ziada asubuhi na jioni. Asubuhi zinatosha. Jioni ni zako, na ile kamusi kubwa ya babu yako nimeihamishia mezani kwako.

Mama yako akupendaye.