Barua kwa Mjomba, Kibokoni

Edinburgh

Mjomba, shikamoo. Mpe salamu mkaza mjomba na wote hapo nyumbani. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Juzi uliniuliza masomo yangu yana faida gani, maadamu ugonjwa wa kurithi "uko damuni, ushaandikwa". Simu ikakatika kabla sijajibu.

Kuandikwa, umeandikwa, katika DNA, yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli. Lakini seli haitengenezi protini kwa kusoma DNA yenyewe. Hutoa kwanza nakala, RNA, na nakala hiyo yaweza kurekebishwa njiani. RNA huandikwa kwa herufi nne: A, C, G na U. Vimeng'enya (protini zinazochochea kazi za seli) viitwavyo ADAR hugeuza herufi A ikawa inosini, nayo seli huisoma kama G. DNA haikuguswa.

Chukua pilau yako ya Ijumaa. Mafuta yake hutoka utumboni yakibebwa na protini apoB48. Ini nalo hutengeneza apoB100, ndefu zaidi ya mara mbili, ndiyo inayobeba ile kolesteroli mbaya anayokutishia daktari. Jeni, kile kipande cha DNA chenye maagizo ya protini, ni moja, mjomba! Utumboni kimeng'enya kingine hugeuza C moja ikawa U, usomaji ukakomea hapo. Inini mwa binadamu hakifanyi kazi hiyo. Hili lilijulikana 1987, na hunistaajabisha kuliko ADAR zote ninazosomea. Msimamizi wangu asisikie.

Ubongoni mambo ni mazito zaidi. Nakala ya protini GluA2, mojawapo ya milango ya seli za neva, hurekebishwa herufi moja karibu kila mara, la sivyo kalsiamu hufurika kwenye neva. Panya wasio na ADAR2, aina mojawapo ya ADAR, hushikwa na kifafa wakafa wangali wachanga.

Kuna na watoto wenye ugonjwa wa Aicardi-Goutières. Baadhi yao jeni ya ADAR1 ina kasoro, basi mwili huiona RNA yake wenyewe kama ya virusi na kuanza vita, ubongo ukaumia. Hapa una haki: kasoro iko kwenye DNA, na mara nyingi imerithiwa.

Ila faida uliyoniuliza ndiyo hii. Mwaka 2024 ilitangazwa kuwa wagonjwa wawili wa upungufu wa alfa-1 antitripsini, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu na ini, walipewa dawa inayoielekeza ADAR ya mwili wao irekebishe herufi moja ya RNA. Protini hiyo ikaonekana damuni ikiwa haina kasoro. Dawa ikiisha nguvu, nakala mpya hutoka na kosa lile lile, kwa hiyo lazima irudiwe.

Vipimo vyako vya kolesteroli mpe mkaza mjomba anitumie picha. Vya mwezi huu, si vile vya mwaka jana.

Mpwa wako