Mheshimiwa, majibu ya madodoso yetu yako wapi?

Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma

Mheshimiwa,

Nina steshenari ndogo Ujiji. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, naweka vyeti vya watu kwenye laminesheni. Pembeni ya hapo, kwa miaka mingi nimekuwa kibarua wa watafiti. Mtafiti akishuka Kigoma, awe ametoka Dar es Salaam au ng'ambo, hutafuta mtu anayekijua Kiha, asiyekimbia mbwa wa watu, na ikiwezekana mwenye mashine ya kopi. Huyo ndiye mimi. Nimehesabu vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, na mitumbwi Kibirizi, nimeingia vyumbani mwa watu kuhesabu vyandarua, nimewauliza akina mama wa Katonga dagaa wao hukauka kwa siku ngapi jua likiwaka na kwa siku ngapi mvua ikiwakatalia.

Mwezi uliopita mmoja wa akina mama hao, niliyekwisha kumhoji mara nne kwa tafiti nne, alikuwa ananipimia dagaa. Akasimamisha kopo hewani, akauliza: "Mwanangu, yale maswali yenu, hatimaye mlipata majibu?" Nikacheka kwa aibu, nikalipa, nikaondoka.

Majibu yapo, Mheshimiwa. Nimekaa majuma matatu nikiyatafuta kwenye intaneti usiku, umeme na bando vikiruhusu, kamusi ikiwa mkononi. Nivumilie nikueleze niliyoyakuta, ndipo niseme ombi langu.

Nianze na ziwa, maana ndilo linalotulisha. Mwaka 2003 timu mbili, moja ya Catherine O'Reilly na nyingine ya Piet Verburg, zilichapisha kila moja kwa njia yake jambo lile lile: Ziwa Tanganyika linapata joto, na joto hilo linalinyima chakula. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470. Juu kuna mwanga na hewa. Mbolea imelala chini, kwenye giza lisilo na hewa, ambako kila kinachokufa huzama. Kusi ikivuma katikati ya mwaka husukuma maji ya juu yaje huku kwetu kaskazini, na kule kusini maji ya chini hupanda na mbolea yake. Mbolea huotesha mwani, mwani huliwa na vijidudu, vijidudu huliwa na dagaa, dagaa naye huliwa na mgebuka. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi kama mawese juu ya mchuzi. Upepo ule ule haupati tena nguvu ya kuyakoroga. O'Reilly na wenzake walitoa matope ya chini ya ziwa, wakapima kaboni iliyomo, wakakadiria kwamba uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakasoma mabaki ya samaki ndani ya matope, wakaona kupungua kulianza tangu karne ya 19, kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujaja.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta, nikakaa kimya. Miaka mingi nyuma mzee mmoja wa Kibirizi aliniambia, "Maji siku hizi hayageuki." Dodoso halikuwa na kisanduku cha jibu la namna hiyo, nikaliandika mwishoni kwenye "Mengineyo". Sidhani kama kuna mtu alilisoma.

Sasa tazama kilichotokea mwaka 2024. Ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mimi si mpinzani wa kufunga ziwa. Joto likishawapunguza samaki, wanaobaki ndio wanaohitaji kupumzishwa zaidi, na anayetumia nyavu haramu asije akajificha nyuma ya matope ya Cohen. Lakini mwaloni, pale wavuvi wanapotia nanga, nilisikia neno "adhabu" kila nilipopita. Utafiti uliwafikia wavuvi ukiwa amri, haukuwafikia ukiwa habari. Kama mtu angekuja mapema na kibuyu cha mawese na bakuli la mchuzi, akawaonyesha, nina hakika ubishi ungekuwa mwingine. Usingekwisha, la, Muha habishi kidogo. Ila ungekuwa ubishi wa watu wanaojua wanabishania nini.

La pili ni Gombe, hifadhi yetu ya sokwe. Unajua maneno yanayosemwa kwamba ukimwi ulitoka kwa sokwe wetu. Nimeyasikia ndani ya boti, nimeyasikia msibani, na kusema kweli hata mimi niliwahi kuyarudia. Kuanzia mwaka 2002 watafiti walithibitisha kuwa baadhi ya sokwe wa Gombe wana kirusi ambacho ni ndugu wa virusi vya ukimwi. Walikipata kwa kuokota mkojo na kinyesi, bila kumchoma mnyama sindano. Hapo ndipo uvumi ulipochukua nusu ya habari na kukimbia nayo. Nusu ya pili ilitoka mwaka 2006: kirusi kilichozaa janga la dunia kinafanana na cha sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni, jamii tofauti na hii yetu. Na mwaka 2009 ikabainika kwamba sokwe wa Gombe wenye kirusi hicho wako kwenye hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wasio nacho. Kumbe nao ni wagonjwa. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960. Zaidi ya miaka 60 ya daftari imefuata, na bado kwenye boti tunahadithiana uongo kuhusu jirani zetu.

Malaria nitaipitia haraka, ingawa ndiyo inayotuua. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2017 ulionyesha watoto wa mkoa huu walikuwa na vimelea kwa kiwango cha asilimia 24, na hakuna mkoa uliotuzidi. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Misungwi, mkoani Mwanza, si mbali kihivyo. Mbu wamezoea dawa ya kawaida ya vyandarua. Baada ya miaka miwili, kwenye vijiji vya vyandarua vya kawaida watoto asilimia 45.8 walikuwa na vimelea. Kwenye vijiji vya vyandarua vilivyoongezwa dawa ya pili, klofenapiri, walikuwa asilimia 25.6. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Mama anayepewa chandarua ana haki ya kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, na kwa nini kile cha zamani kilionekana hakifanyi kazi wakati alikitundika kila usiku. Wengi walijilaumu wenyewe.

Hata ofisi zinakosa habari, si wavuvi peke yao. Ofisi moja ya hapa mjini, nisiyoitaja, huniletea kompyuta zake. Mfumo wao unawalazimisha kubadili nywila kila baada ya muda. Chini ya kibodi nikakuta karatasi imebandikwa: Dagaa1 imekatwa, Dagaa2 imekatwa, mpaka Dagaa7. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walipima tabia hii kwenye maelfu ya akaunti. Aliyeijua nywila ya zamani aliweza kuikisia mpya, kwa asilimia 17 ya akaunti, ndani ya majaribio yasiyozidi matano. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani ikaacha kabisa kushauri kubadilisha nywila kwa ratiba. Ikataka iwe ndefu, na ibadilishwe pale tu inapovuja. Leo hapa kwetu Dagaa8 iko njiani.

Yapo na ya kufurahisha. Taa nyeupe za LED zilizoondoa karabai kwenye vipe zimetokana na kemikali iitwayo galiamu nitridi. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walihangaika nayo mpaka ikatoa mwanga wa bluu, ambao ukipitishwa kwenye unga wa njano huonekana mweupe. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kijana anayevua kwa taa hiyo angependa kusikia hayo, maana mafuta ya taa anayakumbuka vizuri. Na wanasayansi wa anga, kwa vioo vilivyoachwa mwezini tangu 1969, wamepima kwamba mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Nilimwambia mvuvi mmoja, kwa kuwa mbalamwezi ndiyo inayowatawanya dagaa wasije kwenye taa. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi tungoje."

Ombi langu, Mheshimiwa, halihitaji bajeti kubwa. Mtafiti mwenye kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, hupita kwanza mkoani kuchukua barua ya utambulisho. Bila barua hiyo hakuna mtendaji wa kijiji atakayempokea. Kalamu iko kwenu. Ongezeni aya moja: matokeo yakishachapishwa, mtafiti alete kurasa mbili za Kiswahili, na atenge siku moja ya kuzisoma pale pale alipouliza maswali. Asiyeweza kurudi amtume mtu. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa hapa Kigoma, walimu wa sayansi wapo, redio za hapa zipo.

Nimekwisha kusikia pingamizi kwamba istilahi hakuna. Mawese juu ya mchuzi si istilahi, na maji yanaeleweka. Pingamizi la kwamba watu hawana muda nalo lina dawa. Mpange usomaji ule juma la mbalamwezi. Siku hizo vipe vimefungwa kamba, wavuvi wako nchi kavu wanashona nyavu na kucheza bao, na jioni mwaloni huwa pamejaa.

Kwa mkutano wa kwanza ningeomba uwe Katonga. Kopi nitatoa mimi bure. Mniletee karatasi tu, rimu mbili zinatosha.

Wako mtiifu,
Mwenye steshenari, Ujiji